Cleveland Browns baada ya drafti ya 2025: je, tunajenga upya kweli, au tunapaka rangi ukuta wenye nyufa?

Mkaazi wa Ziwani

Ndugu zangu, drafti ilimalizika kule Green Bay tarehe 26 Aprili 2025, na tangu siku hiyo kila shabiki mwenzangu ninayekutana naye ananiuliza swali moja tu: je, Shedeur Sanders, yule kwotabeki (mrusha mpira mkuu wa timu) kijana tuliyemchukua, atacheza? Swali hilo ni tamu, lakini kwangu ndilo dogo kuliko yote yanayoihusu timu yetu kwa sasa, na ningependa nieleze kwa nini.

Kwa faida ya wageni, drafti ninayoizungumzia siyo ile ya vizibo vya soda inayochezwa chini ya mwembe. Ni utaratibu wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani wanayocheza Browns wetu, ambao timu 32 hupokezana zamu, kwa raundi 7, kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu, na timu iliyofanya vibaya zaidi hutangulizwa. Sisi msimu wa 2024 tulishinda michezo 3 tukafungwa 14, ndiyo maana tukapewa zamu ya 2, na hakuna timu katika ligi nzima iliyopata pointi chache kuliko zetu. Tennessee walipomchukua kwotabeki Cam Ward katika zamu ya 1, alibaki mezani Travis Hunter wa Colorado, mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kijana anayepokea mpira timu yake inaposhambulia na kuuzuia timu yake inapolinda, jambo ambalo kwa kiwango kile karibu hakuna mwingine anayelifanya. Sote tuliamini kwamba ni wetu.

Meneja mkuu wetu, Andrew Berry, akaiuza zamu hiyo kwa Jacksonville. Tulitoa zamu ya 2, ya 104 na ya 200. Tukapokea ya 5, ya 36, ya 126, pamoja na zamu yao ya raundi ya kwanza ya mwaka 2026. Kwa zamu ya 5 tulimpata Mason Graham wa Michigan, pande la mtu linalokaa katikati ya mstari wa ulinzi na kuwavuruga wapinzani kabla mpira haujafika popote, na ya 36 ikatupatia mkimbiaji Quinshon Judkins, aliyekuwa bingwa wa taifa na Ohio State Januari iliyopita. Kwa zamu yetu wenyewe ya 33 tulimchukua Carson Schwesinger wa UCLA, aliyeingia timu ya chuo chake bila ufadhili wa masomo. Wengine tutawajadili humu humu.

Hoja yangu ni kwamba ugonjwa wa Browns ni haraka, na mara hii, angalau kwa siku moja, mtu alikataa kuharakishwa. Kumbukeni Machi 2022, tulipowapa Houston zamu 3 za raundi ya kwanza, pamoja na nyingine za chini, ili tumpate Deshaun Watson, kisha tukamwandikia mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 230, zote zikiwa zimehakikishwa acheze asicheze. Mwaka ule ule ligi ilimfungia michezo 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5, na hadi leo, baada ya misimu 3, ameichezea Cleveland michezo 19 tu; mshipa wa kisigino chake ulikatika Oktoba 2024 na ukakatika tena kabla haujapona. Mmiliki Jimmy Haslam mwenyewe alikiri hadharani mwezi Machi mwaka huu kwamba dau lile liligonga patupu. Graham ni mchezaji wetu wa kwanza wa raundi ya kwanza tangu Greg Newsome mwaka 2021. Shamba limekaa misimu 3 bila mbegu, na mwenye shamba la namna hiyo hanunui tausi, hata tausi awe mzuri kiasi gani.

Kofia ya Chungwa

Mkuu, umeandika vizuri, lakini umeanza hadithi katikati. Browns haijawahi kukosa subira ya kuuza zamu. Kama kuuza zamu kungekuwa ni kujenga, tungekuwa na ghorofa linaloonekana kutoka Canada.

Mwaka 2011 tulikuwa na zamu ya 6, tukaiuza kwa Atlanta kwa zamu 5. Atlanta wakamchukua Julio Jones, aliyekuja kuwa mmoja wa wapokeaji bora wa kizazi chake. Katika zile zamu 5, mojawapo, ya 22 ya mwaka 2012, ilitumika kumchukua kwotabeki Brandon Weeden akiwa na umri wa miaka 28, umri ambao wenzake huwa wamekwisha kusaini mkataba wa pili. Mwaka 2016 tulikuwa na zamu ya 2, kama mwaka huu huu, tukaiuza kwa Philadelphia. Wao wakampata Carson Wentz na kutwaa ubingwa msimu uliofuata. Mwaka 2017 tukauza zamu ya 12 kwa Houston. Unajua Houston walimchukua nani kwa zamu hiyo? Deshaun Watson. Yaani tulimuuza akiwa bado hajacheza hata mchezo mmoja, kisha miaka 5 baadaye tukaenda kwa duka lile lile kumnunua kwa bei ya mara 3.

Kwa hiyo usinieleze kwamba kumwachia Hunter ni dawa. Mimi nimeona filamu hii, na kila mara anayecheka mwishoni ni mnunuzi.

Mkaazi wa Ziwani

Kaka, mifano yako yote ni ya kweli, na huo wa Watson bado unauma. Hata hivyo, ichunguze vizuri ile biashara ya 2017. Houston walitupa zamu yao ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata, ikaangukia namba 4, nasi tukamchukua Denzel Ward, ambaye hadi leo ndiye nguzo ya ulinzi wetu wa pembeni. Biashara hiyo haikuwa mbaya. Ya 2011 ilikuwa mbaya kwa sababu ya watu tuliowachukua kwa zamu tulizolipwa, na hilo ni kosa la jicho la mnunuzi wala si la aliyeuza. Zamu ni fedha tu. Mtu anaweza kuuza ng'ombe kwa bei nzuri na bado akazinywa fedha zote jioni hiyo hiyo.

Ninakubaliana nawe katika jambo moja: Hunter akija kuwa vile wanavyomtabiria, tutasimangwa miaka 20.

Mama Benja wa Akron

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi nilijifunza mchezo huu nikiwa mtu mzima, kwa sababu watoto wangu waliukuta shuleni baada ya familia yetu kuletwa Ohio kutoka kambi ya Nyarugusu, na labda ndiyo maana siyaangalii majina makubwa. Ninaangalia wale wanaume 5 wanene wanaosimama mbele ya kwotabeki, ambao hakuna anayenunua jezi zao.

Joel Bitonio yuko nasi tangu 2014. Wyatt Teller, Ethan Pocic na Jack Conklin nao si vijana tena, na mikataba ya wote 4 inamalizika mwisho wa msimu huu unaokuja. Sasa hesabuni wenyewe wachezaji 7 tuliowachagua Green Bay: mlinzi wa kati mmoja, lainibeka (mlinzi anayesimama nyuma ya mstari) mmoja, wakimbiaji 2, makwotabeki 2, na Harold Fannin wa Bowling Green anayecheza pale kwenye ncha ya mstari, lakini sifa yake ni kudaka mpira, si kuzuia watu. Hakuna hata mmoja wa kwenye ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hata ukuta wenyewe hatujengi.

Nawaombeni mtazame majirani zetu wa Detroit. Walipoanza upya mwaka 2021 walimtoa kwotabeki wao Matthew Stafford, wakapokea zamu 2 za raundi ya kwanza pamoja na Jared Goff, lakini mtu wa kwanza waliyemchagua kwa zamu yao ya 7 alikuwa Penei Sewell, mtu wa ukuta. Msimu ule walishinda michezo 3 tu, kama sisi mwaka jana, na watu waliwacheka. Mwaka 2023 walishinda 12, mwaka 2024 wakashinda 15. Goff huyo huyo aliyeonekana ni mabaki ya Los Angeles akageuka kuwa kwotabeki wa maana, kwa sababu alipewa muda wa kusimama na kutazama. Kwotabeki gani atakayesimama na kutazama Cleveland mwaka 2026? Judkins ni mkimbiaji mzuri, lakini naye atapita wapi?

Kofia ya Chungwa

Mama Benja ameyasema kwa adabu yale niliyotaka kuyasema kwa hasira. Zamu ya 36 na ya 126, ambazo ni sehemu ya malipo ya Hunter, zote mbili zimekwenda kwa wakimbiaji, wakati katika ligi hii mkimbiaji ndiye anayepatikana kwa urahisi kuliko wote.

Mkaazi wa Ziwani

Dada, sina jibu la kukuridhisha kuhusu ukuta. Ninachoweza kusema ni kwamba Nick Chubb, ambaye goti lake liliharibika vibaya kule Pittsburgh mwaka 2023, hana mkataba nasi tena, kwa hiyo mkimbiaji alihitajika. Lakini mmoja angetosha, na wa pili angeweza kuwa mtu wa ukuta. Hilo ninalihesabu kuwa kosa.

Babu Kidevu

Wajukuu, mnazungumza kama watu wasiotaka kulitaja jina la mgonjwa. Nitalitaja mimi.

Tangu timu hii iliporudishwa mwaka 1999, baada ya ile ya zamani kuhamishiwa Baltimore, wametuanzia michezo makwotabeki 40. Wa kwanza kumchagua alikuwa Tim Couch, zamu ya 1. Kisha tukaingia uchawi wa namba 22: Brady Quinn mwaka 2007 zamu ya 22, Weeden 2012 zamu ya 22, Johnny Manziel 2014 zamu ya 22. Baker Mayfield, zamu ya 1 ya mwaka 2018, ndiye pekee aliyetushindia mchezo wa mtoano, tulipowafunga Pittsburgh 48 kwa 37 nyumbani kwao Januari 2021, na mwaka uliofuata tukamwonyesha mlango ili apatikane nafasi ya Watson. Hata mwaka 2000, Tom Brady aliposubiri hadi zamu ya 199, sisi tulikuwa tumekwisha kumchukua kwotabeki zamu ya 183, na jina lake lilikuwa Spergon Wynn. Sitanii.

Sasa mwaka huu tumefanya jambo ambalo sijapata kuliona. Zamu ya 94 tumemchukua Dillon Gabriel wa Oregon, kijana wa Hawaii aliyecheza vyuo 3 na kuhusika katika tachidauni 189 (yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani), nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya daraja la juu la vyuo, lakini ni mfupi na ana miaka 24. Siku iliyofuata tukawapa Seattle zamu ya 166 na ya 192 ili tupande hadi ya 144 na kumchukua Sanders, ambaye wengi walimtabiria raundi ya kwanza, na ambaye msimu uliopita asilimia 74 ya pasi zake zilifika mikononi mwa mwenzake. Ndani ya nyumba tayari alikuwamo Joe Flacco mwenye miaka 40, Kenny Pickett aliyetoka Philadelphia, na Watson ambaye ni majeruhi. Jumla 5. Mazoezini mipira ya kurusha huwa ni michache. Kocha Kevin Stefanski atawagawiaje vijana 2 wanaohitaji kujifunza, na wazoefu 2 wanaohitaji kujiandaa?

Mimi sina ugomvi na Sanders. Kwa zamu ya 144 huwezi kupata hasara; wachezaji wengi wa raundi ya 5 hawakumbukwi hata na majirani zao. Ugomvi wangu ni na zamu ya 94. Kama ulimtaka Gabriel, mpe timu umtazame. Kama ulimtaka Sanders, usimchukue Gabriel. Kuwachukua wote wawili ni kama mtu aliyeposa nyumba mbili siku moja ili aone ni ipi itakayokubali kwanza.

Mkaazi wa Ziwani

Mzee wangu, shikamoo. Ningependa kuwatetea katika hili, japo kwa nusu. Ukiwa na mkataba wa Watson unaokudai dola milioni 46 kwa mwaka 2025 na nyingine kama hizo kwa mwaka 2026, huwezi kununua kwotabeki wa bei sokoni, kwa sababu ligi ina kikomo cha mishahara na kila timu hupimiwa kwa kibaba kile kile. Kwa hiyo unatafuta wa bei nafuu, wengi kwa mpigo, ukitumaini mmoja atachipua. Asipochipua hata mmoja, mwaka 2026 utakuwa na zamu 2 za raundi ya kwanza, yako na ya Jacksonville, na hapo unaweza kwenda kumchukua unayemtaka. Ndiyo sababu ninasema kwamba mchezaji muhimu kuliko wote tuliompata Green Bay hajulikani bado. Yuko chuoni, labda anafanya mitihani.

Mgeni wa Jumapili

Samahani, mimi ninafuatilia kutoka Morogoro na nina msimu mmoja tu. Kama timu inajenga upya na kusubiri 2026, mbona mwezi Machi ilimpa Myles Garrett nyongeza ya miaka 4 yenye thamani ya dola milioni 160? Nilidhani kujenga upya ni kuuza wakubwa na kukusanya vijana.

Kofia ya Chungwa

Mgeni, wewe si mgeni. Karibu sana.

Garrett aliomba hadharani mwezi Februari auzwe, akisema anataka kushindania ubingwa. Alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima mwaka 2023, na timu nyingi zingetoa zamu za raundi ya kwanza kwa ajili yake. Desemba hii atatimiza miaka 30. Ukichukua hoja ya Mkaazi kwamba tuwe na subira, basi huyo ndiye aliyepaswa kuwa ng'ombe wa kwanza kupelekwa mnadani, wala si zamu ya Hunter. Timu hii imemwachia kijana wa miaka 21 na kumkumbatia mtu wa miaka 29, kisha inatuambia kwamba inajenga kwa ajili ya kesho.

Mkaazi wa Ziwani

Hapo umenibana, na sitajifanya nina pumzi.

Nilipolifikiria nilijaribu kujiridhisha kwamba mwenye Garrett hawezi kuwa dhaifu kabisa, na kwamba Graham akiwa katikati na Garrett pembeni, wapinzani hawataweza kumwekea kila mmoja wao wazuiaji 2. Hilo ni kweli kiufundi. Pia lainibeka wetu Jeremiah Owusu-Koramoah aliumia shingo Oktoba iliyopita dhidi ya Baltimore, na bila Garrett tungebaki na ulinzi usiomtisha hata mtoto. Lakini ukweli ni kwamba timu haijaamua. Mkono mmoja unakusanya zamu za mwakani, mkono mwingine unamlipa mtu ambaye miaka yake bora ni hii hii, huku kwotabeki akitafutwa kwa bahati nasibu. Jambo nililoliita subira huenda ni Berry kufanya biashara nzuri ya siku moja, bila mpango wa miaka 3 nyuma yake.

Bado ninaamini biashara ya Hunter ilikuwa sahihi. Siamini tena kwamba inatosha kuitwa ujenzi.

Babu Kidevu

Marahaba, sikuitikia pale juu. Ningeongeza tu kwamba mwaka 2023 ndio uliotudanganya. Flacco alitolewa nyumbani kwake mwezi Novemba, akashinda michezo 4 kati ya 5, tukamaliza na ushindi wa michezo 11, tukasahau kwamba nyumba inavuja. Kisha Houston wakatufunga 45 kwa 14 kwenye mtoano. Ninachoogopa ni Flacco huyo huyo kuanza Septemba, kushinda michezo 6 au 7, na tukajikuta katikati ya msafara, hatuna ubingwa na wala hatuna zamu ya juu.

Mama Benja wa Akron

Basi afadhali acheze Gabriel au Sanders, tufungwe tukiwa tunajifunza. Ila ukuta, Mzee. Ukuta.

Mgeni wa Jumapili

Nashukuru kwa elimu. Nina swali la mwisho: kama zamu ya Jacksonville ya 2026 ni yetu, na zamu huwa ya juu zaidi timu inapofanya vibaya, je, kuanzia Septemba ninapaswa kukesha nikitazama na michezo ya Jacksonville pia?

Kofia ya Chungwa

Ndiyo. Michezo mingi ya Jumapili huanza saa 2 usiku kwa saa za huko kwenu, na huwa saa 3 baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma mwezi Novemba. Utaombea Cleveland ishinde na Jacksonville ifungwe.

Mgeni wa Jumapili

Na Hunter je, nimwombee mema au mabaya?

Kofia ya Chungwa

Mwombee tachidauni 3 kila wiki, na timu yake ifungwe kwa pointi 1.